Gitaa Lililolala Kwetu Siku Tatu

Enzi zetu, nanyi wenzangu mliozaliwa kabla ya bendera mpya kupandishwa mtanishuhudia, hakuna kitu kilichonunuliwa bila kushukiwa kwanza. Samaki alifunuliwa mashavu hata kama muuzaji ni binamu yako. Kuku alipuliziwa manyoya, akaminywa kidari, akatazamwa macho, kisha mwenye kuku akaulizwa alikompata, na jibu lake halikuaminiwa. Leso mpya ikishuka dukani mama zetu waliivuta, wakainusa, wakaitia mate pembeni waone kama inachuja rangi. Mwenye duka naye hakuudhika, maana na yeye alikuwa akiziuma sarafu zetu.

Juzi mjukuu wangu amenunua gitaa kwa simu. Alikaa hapa barazani kwangu Msambweni, akagusagusa kioo kwa kidole, na baada ya siku mbili kijana wa pikipiki akamletea sanduku refu la karatasi. Hamjui muuzaji, hajui ukoo wake, hajui kama ni mtu au ni jini. Nilipomwuliza amelijaribu wapi hilo gitaa kabla ya kutoa pesa, alinijibu kuwa muuzaji ana nyota tano. Nikamwambia hata mbingu ina nyota na huwezi kuirudishia bidhaa mbovu. Alicheka, akaingia chumbani nalo. Basi nimebaki hapa na kumbukumbu zangu, na kwa kuwa yeye hana nafasi ya kunisikiliza, nawasimulia ninyi.

Kwa mama yetu tulikuwa wawili tu, mimi Mejumaa na Kaka Hamisi, ambaye alinitangulia miaka minane. Baba alifariki nikiwa bado nabebwa mgongoni, kwa hiyo sikumkumbuka, na sikumkosa pia, kwa sababu nilikuwa na Hamisi. Yeye ndiye aliyenivusha mkondo wa maji wakati wa masika nisiloe sare ya shule. Yeye ndiye aliyenifundisha kuhesabu kwa mbegu za korosho, na akanionya nisizitie mdomoni kabla hazijachomwa, nikazitia, midomo ikababuka, na ndiye aliyenipaka mafuta ya nazi huku akinicheka. Nilimpenda kuliko nilivyojua kusema.

Hamisi alikuwa na wazimu wa muziki. Alitengeneza gitaa lake la kwanza kwa debe la mafuta ya taa, ubao wa mkungu, na mshipi wa kuvulia samaki alioukata nyuzi nne. Lilikuwa na sauti ya nyuki waliofungiwa chupani, lakini aliweza kulitolea wimbo, na jioni majirani walikuwa wakija na mikeka yao uani kwetu wakijifanya wamekuja kuomba chumvi. Alilipiga kwa kipande cha kifuu cha nazi alichokisugua mpaka kikawa chembamba. Mimi nilikaa karibu kabisa na debe, tumbo langu likitetemeka pamoja nalo.

Miaka ile uhuru ulikuwa mpya na kila kijana alikuwa na haraka. Kila mwezi kijiji kilipungukiwa na mmoja. Amekwenda Mombasa, amepata kazi bandarini, ameandika barua kuwa anakula mkate kila asubuhi. Rafiki yake Hamisi akamwandikia yeye pia. Mama alilia siku nzima. Hamisi akamwambia kwamba yeye haitaki bandari, anataka gitaa la kweli, na akilipata atabaki papa hapa, atalima shamba la baba na kupiga kwenye harusi kuanzia Tiwi mpaka Shimoni. Asipolipata, atakwenda. Mama akakubali pesa za korosho za msimu ule zinunue gitaa. Nilikuwa nyuma ya mlango nikisikia yote, na tangu siku ile sikuomba dua nyingine. Kwangu lile gitaa halikuwa gitaa, lilikuwa kamba ya kumfunga kaka yangu asiondoke.

Lakini sisi Wadigo mnatujua, nyumba ni ya mama na neno ni la mjomba. Mjomba Mwinyi, kaka mkubwa wa mama, ndiye aliyekuwa na neno la mwisho. Mtu huyu, Mungu amrehemu, alinusa maji kabla ya kuyanywa, hata katika nyumba ya dada yake. Akipewa salamu alinyamaza kidogo kwanza, aone salamu hiyo inataka nini. Alikuwa na bao lake la mninga, na kete zake sitini na nne za komwe, zile mbegu za kijivu zenye kung'aa, ambazo hakuna mtoto aliyeruhusiwa hata kuzikaribia. Kila alasiri alicheza na rafiki yake Mzee Shee uani kwetu, na kazi yangu ilikuwa kuwapelekea kahawa. Alipoambiwa habari za gitaa alisema rahisi ni ghali, akasema pia hatauziwa mbuzi ndani ya gunia, kisha akakubali kutusindikiza.

Tulianza Mombasa. Nilichukuliwa kwa sababu nililia mpaka nikapata kwikwi. Tulivuka Likoni, tukaingia duka moja lenye magitaa yaliyotundikwa ukutani juu kabisa, yanang'aa, unaweza kujitazama uso. Mwenye duka alisema haliteremshi gitaa mpaka aone pesa. Mjomba alisema haonyeshi pesa mpaka gitaa literemshwe. Wakatazamana. Wateja wengine waliingia na kutoka, adhuhuri ikaadhiniwa, na wao wanatazamana. Mwishowe bei ilitajwa, na ilikuwa bei ya ng'ombe mwenye mimba, basi tukarudi nyumbani na mkate wa mofa tulioununua njiani.

La pili lilikuwa la mkata miwa mmoja wa kule Ramisi, mtu wa bara, aliyesema anarudi kwao na hawezi kulibeba. Lilikuwa zuri machoni. Mjomba alipitisha ukucha wa kidole gumba kwenye shingo ya gitaa, polepole, kama anayetafuta mwiba, na katikati ukucha ukazama. Palikuwa na ufa uliojazwa nta na kupakwa rangi ya viatu. Yule bwana alisema hata yeye hakujua. Mjomba akamwambia ampe pole huyo aliyemdanganya. Njia nzima Hamisi alitembea mbele peke yake, na mimi nilianza kuogopa.

Ndipo akatokea Mzee Ndurya. Alikuwa Mduruma wa kule Samburu, nyikani nyuma ya pwani yetu, mpishi katika nyumba ya Mzungu mmoja ufukweni Diani, na mama alimfahamu kwa kumuuzia mayai na ndimu. Mtu mpole, mrefu, ana mikono inayonuka vitunguu daima. Wazungu wengi walikuwa wakifunga mizigo wakati huo, na huyu wake alipoondoka alimwachia gitaa na barua. Ndurya hakujua kulipiga. Alitaka pesa za mbuzi wawili wa kuanzia maisha nyumbani kwake, basi. Bei aliyotaja ilikuwa ndogo hivi kwamba Mjomba alisimama kabisa kutoka kwenye kigoda.

Mnaijua akili ya wazee wetu. Kitu cha bei kubwa walikishuku kidogo, kitu cha bei ndogo walikishuku sana. Barua ilipelekwa kwa mwalimu, akaisoma, akasema imeandikwa kwamba gitaa ni zawadi kwa Ndurya kwa utumishi wake mwema. Mjomba akauliza mwalimu amejuaje kuwa aliyeandika ni Mzungu. Akalipitishia ukucha shingoni, akalinusa tunduni, akalilamba. Akavuta kila uzi. Akamwita seremala akaligonga mgongo kwa kifundo cha kidole. Halikuwa na kasoro, na hilo ndilo lililomnyima raha. Zaidi ya yote, mwenyewe ametoka nyika, na sisi watu wa pwani tulikuwa tumelishwa tangu utotoni kwamba watu wa nyika wana dawa. Nasema haya kwa aibu, lakini ndivyo tulivyokuwa.

Mjomba akatoa shauri lake la siku zote. Kitu kigeni kinalala siku tatu ndani ya nyumba ya mnunuzi kabla ya kulipiwa. Hakiguswi. Asipougua mtu, asipoota mtu ndoto mbaya, siku ya nne kinalipiwa mbele ya watu. Ndurya alikubali bila kusita. Aliliweka gitaa mwenyewe juu ya kitanda cha kamba chumbani kwa mama, akalifunika kwa shuka, akamwambia mama kwaheri, akaenda zake.

Sasa sikilizeni jambo ambalo nimekaa nalo maisha yangu yote.

Asubuhi ya siku ya pili Hamisi alikuwa shamba, mama kisimani. Jana yake, nilipokuwa nikikusanya vikombe vya kahawa, nilikuwa nimeiba kete moja ya Mjomba. Moja tu. Nilitaka kuchezea mdako, ule mchezo wa kurusha na kudaka, kwa sababu mawe ya kawaida yaliniumiza vidole na komwe ni laini na ina uzito wake. Nilikuwa nayo kwenye pindo la leso. Nikaingia chumbani, nikafunua shuka. Gitaa lilikuwa limelala pale, lina harufu ya mbao na ya sabuni ya Kizungu. Nilitaka kusikia sauti moja tu, nijue kama inatosha kumbakiza kaka yangu nyumbani. Sikuwa na kifuu. Nikatumia kete. Uzi wa kwanza ulilia vizuri mpaka machozi yakanitoka, na nilipovuta wa pili kete ikaniponyoka, ikaingia tunduni.

Nilitia mkono, nyuzi zikanizuia. Nililiinua nilipindue, nikasikia ndoo ya mama ikitua uani. Nikalirudisha, nikafunika shuka, nikatoka. Siku ya tatu mama hakutoka nyumbani hata kidogo. Usiku nilijiambia kuwa hakuna atakayejua.

Siku ya nne walikuja wote. Mjomba amevaa kanzu, Mzee Shee ndiye shahidi, Ndurya amekuja na kamba za mbuzi begani tayari, na Hamisi uso unamng'aa kwa namna ambayo sikuwahi kuiona. Hakuna aliyeugua. Hakuna aliyeota. Mjomba alikwisha kutia mkono kifuani kutoa pesa, kisha, kwa tabia yake tu, akaliinua gitaa akalitikisa.

Likagongagonga ndani.

Mkono wake ukarudi kutoka kifuani, mtupu. Akalitikisa tena, na tena likagonga. Mzee Shee alivuta mkeka wake nyuma. Kila mtu pale aliwaza neno moja, na Mjomba ndiye aliyelitamka: fingo, ile dawa inayotegwa ndani ya kitu ili ikamate watu, tumbo lifure mpaka wafe. Akamwuliza Ndurya ametia nini humu.

Ndurya alishangaa waziwazi. Akasema, "Mzee Mwinyi, mimi nililiacha tupu. Nipe nilipindue, kitoke, tukione sote."

Hamisi naye akaomba hivyohivyo, akanyoosha mikono. Mjomba akakataa. Fingo, alisema, haitolewi kwa mikono, na ikidondokea ndani ya nyumba imeshahamia. Kisha akamgeukia Ndurya kwa sauti ya chini. "Unasema uliliacha tupu. Basi unataka kusema sisi ndio tulioitia?"

Ndurya alitazama chumba chote, mama, Hamisi, akaja kunitazama mimi niliyekuwa nimeshika nguzo ya mlango. Alinitazama kwa muda. Ningesema pale pale yote yangekwisha. Ningechapwa, tena sana, lakini gitaa lingebaki na kaka yangu angebaki. Niliogopa fimbo ya Mjomba kuliko nilivyoogopa kumpoteza Hamisi, na hiyo ndiyo aibu yangu.

"Sisemi kitu," Ndurya akasema. "Nalichukua."

Alitoka nalo kwapani, na zile kamba za mbuzi begani. Watoto wa jirani walimkimbia. Kutoka siku ile hakupita tena kwetu kununua mayai, na baada ya mwezi tukasikia amerudi kwao Samburu. Kwetu akabaki na jina. Mama yangu mwenyewe, mwanamke wa haki, alikuwa akitisha watoto wasiolala kwa jina la Mduruma mwenye gitaa.

Alasiri ileile Mjomba alikaa kwenye bao, ambalo hakuligusa siku mbili kwa kungojea gitaa, akakuta kete sitini na tatu. Akahesabu mara tatu. Alimtazama Mzee Shee, rafiki yake wa tangu jandoni, akamwambia avue kofia. Shee akavua kofia. Akamwambia akung'ute kanzu. Shee akainuka akaenda zake, na hawakusemezana mpaka Ramadhani mbili zilipopita. Mimi nilikuwa nimesimama na sinia ya kahawa. Mjomba alichukua kikombe mkononi mwangu, akakinusa, akakinywa.

Alhamisi iliyofuata Hamisi aliondoka. Alisema anakwenda Mombasa. Alinishika kichwa, akaniambia nisome, nami sikuweza hata kumtazama. Debe lake lilibaki uani, mvua ikalitia kutu, mama akaliwekea kuku wa kuatamia.

Alikuwa akija Idi hata Idi, na zawadi, na hadithi za bandarini. Hakutaja gitaa. Mimi niliolewa, nikazaa, na kila aliponitumia salamu nilijiuliza anajua nini. Mtu mwenye siri humshuku kila mtu. Nilipokwisha kuwa na watoto wanne Mjomba akafa, na Hamisi akaja matangani akiwa na mfuko mrefu wa turubai. Baada ya hitima, watu walipopungua, tukakaa uani wawili tu. Akaufungua mfuko. Ndani mlikuwa na gitaa lile. Nililijua kwa mkwaruzo wa ukucha wa Mjomba shingoni.

Nikamwambia yote, nikilia kama mtoto wa miaka kumi. Aliniacha nimalize. Kisha akatia mkono kwenye mfuko mdogo wa pembeni, akaniwekea kiganjani kete ya komwe.

Alikuwa amejua tangu wiki ile. Alhamisi ile hakwenda Mombasa kwanza. Alipanda lori la mbuzi mpaka Samburu, akamtafuta Ndurya, akampa pesa za korosho alizopewa na mama za safari, na uani kwa Ndurya wakalipindua gitaa pamoja. Ilipodondoka kete, Ndurya aliiokota, akaifuta kwa shati, akaitambua ni ya bao la Mjomba, akamkumbuka mtoto aliyeshika nguzo ya mlango.

Nilimwuliza Ndurya alisema nini. Nilitaka kusikia kuwa alinilaani, ningepumua.

"Alisema, 'Mwambie mtoto asiogope.'"

Nikamwuliza kwa nini basi hakuniambia miaka yote hiyo. Hamisi alizungusha sikio moja la gitaa. Akasema mwanzoni alinikasirikia. Angeweza kurudi na ile kete, lakini alijua Mjomba angenifanya nini, na pia alijua mzee huyo asingekubali mbele ya watu kwamba alikosea. Hasira ilipokwisha, aliona haya, maana hata yeye alimwacha mzee wa watu abaki na jina baya. Ndurya alikuwa ameshafariki tulipoyazungumza haya. Tulikwenda kwao mimi na Hamisi, na mbuzi wawili, tukawaomba radhi watoto wake. Walitupokea vizuri. Walituambia baba yao alikuwa akisimulia kisa hicho na kucheka, ila akifika mwisho wa kisa hakucheka.

Mjomba Mwinyi ameingia kaburini akimshuku Mzee Shee kuwa mwizi, na Ndurya kuwa mchawi. Mwizi na mchawi walikuwa mtu mmoja, naye alikuwa akimpelekea kahawa kila alasiri. Maji alinusa, shingo ya gitaa aliikwaruza, barua ya Mzungu aliitilia shaka, lakini mtoto wa dada yake hakumtazama hata mara moja.

Hamisi naye ametangulia sasa. Bao ninalo mimi, lina kete zake sitini na nne, na hakuna wa kucheza naye. Sisi tulishuku kila kitu na kila mtu, na bado tulikaa uani kwa mmoja wetu kila jioni tukinywa kutoka sinia moja. Hawa wa leo wanamwamini mtu wasiyemjua aliye upande wa pili wa kioo, na ndugu yao chumba cha pili hawajui kama yuko au hayuko. Sijui lipi ni bora. Nawakumbuka wale majirani na mikeka yao, wakija kuomba chumvi.

Jana mjukuu wangu alipotoka nililiendea gitaa lake jipya. Nililipitishia ukucha shingoni, sikuona ufa. Nikaliinua, nikalitikisa karibu na sikio, na tena nikalitikisa. Halikuwa na kitu ndani. Nilikaa nalo mapajani kwa muda mrefu nikitikisa.